Jinsi ya kutunga nyimbo mpya za ibada kwa Mashi: mwongozo kwa korali za Bukavu

Jumapili moja, ukiwa kanisani Kadutu, Ibanda au Bagira hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, sikiliza lugha za nyimbo tu. Kiswahili kitakuwa kingi. Lingala itakuwepo, maana nyimbo za Kinshasa zinafika kwenye simu zetu kila wiki. Kifaransa kitatokea pale korali ya vijana inapotaka kuonyesha ujuzi. Mashi, lugha ya Bashi wa hapa Kivu Kusini, mara nyingi inasubiri wakati wa sadaka, au inasubiri matanga. Mama aliyekulia Kabare au Walungu anaomba kwa Mashi akiwa chumbani kwake, anafiwa na kulia kwa Mashi, halafu kanisani anaimba tafsiri iliyobanwa ndani ya tuni ya Ulaya, na nusu ya silabi zimeangukia mahali pabaya.

Mwongozo huu ni wa waumini wanaotaka kutunga wenyewe: korali, akina mama, vijana, hata shirika moja la mtaani, yaani jumuiya ndogo ya waumini. Naandika nikifikiria Mashi, lakini anayesali kwa Kilega, Kihavu, Kifuliiru au Kibembe atapita njia hiyohiyo. Msimamo wangu utauona kila hatua: wimbo uanzie mdomoni, jinsi maneno yanavyosemwa, na piano ije mwisho. Korali nyingi hufanya kinyume. Mpiga piano anatafuta mdundo, dirijani, yaani kiongozi wa korali, anapenda mdundo huo, ndipo watu wanaanza kutafuta maneno ya kujazia.

Ruhusa kwanza, halafu watu

Nenda kwa padri au mchungaji kabla hamjaimba hata neno moja. Mwambie mnataka kutunga wimbo wa sehemu gani ya ibada, nani atakuwemo, na kwamba maneno yataletwa kwake kabla ya kufika mbele ya waumini. Katika parokia ya Katoliki kamati ya liturjia ijue pia. Kwa Waprotestanti, wazee wa kanisa wajue. Wimbo uliofichwa mpaka siku ya kuimbwa huzaa mkutano, na mkutano huo hautazungumzia muziki.

Kundi liwe dogo, watu sita hadi kumi na wawili hivi. Muwe na mama wawili au watatu wa umri mkubwa wanaoongea Mashi ya kijijini, ile isiyochanganywa na Kiswahili katika kila sentensi. Muwe na mtu anayeijua Biblia vizuri, mpiga ngoma, kijana mwenye simu ya kurekodi, na mmoja anayeweza kuandika haraka. Dirijani aje, ila asiongoze kikao cha kwanza. Mwimbaji nyota wa korali naye aje, akae katikati ya wengine. Akipewa nafasi ya mbele, wimbo utatoshea koo lake peke yake na hakuna mwingine atakayeuweza.

Mkutane mchana. Siku hizi kila mtu anataka kuwa kwake kabla ya giza, na repetisyo (mazoezi) ya jioni inawapoteza kwanza hao akina mama mnaowahitaji kuliko wote.

Tafuteni pengo

Chukueni karatasi, andikeni ibada yenu kuanzia kuingia mpaka baraka ya mwisho. Mbele ya kila sehemu andikeni mnaimba nini hapo na kwa lugha gani. Mapengo yatajionyesha. Furaha na sadaka zina nyimbo tele. Toba haina. Kusubiri haina. Kumwombea mgonjwa, kumpokea mtoto wa ubatizo, kumsindikiza aliyehama mji kwa sababu ya vita: hapo kuna tuni mbili za zamani zinazoimbwa kwa kila tukio. Chagueni pengo moja tu. Kundi linalosema "tutunge nyimbo za kusifu" huishia na kiitikio cha aleluya ambacho kinaweza kuimbwa popote, na kwa hiyo hakihitajiki popote.

Orodhesheni muziki mlio nao tayari

Kabla ya kutunga, kaeni na wazee mwulize: watu wetu huimba lini? Harusi. Matanga. Kumbembeleza mtoto. Kulima pamoja. Kumsifu ng'ombe, maana Bushi, nchi ya Bashi, ni nchi ya ng'ombe na mahari yake ni ng'ombe. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, kwenye Ziwa Kivu huimba wakipiga kasia usiku, mmoja akiita na wengine wakiitikia. Kwa kila wimbo andikeni nani huuanza, nani huitikia, mwili unafanya nini, kuna chombo gani, na unamwachia msikilizaji hisia gani. Kama bado mnamjua mzee anayepiga lulanga, kile chombo cha nyuzi cha Bashi, mleteni hata kwa saa moja tu na mrekodi anavyocheza.

Halafu linakuja swali gumu: tuni zipi zinaweza kuingia kanisani? Hilo waachieni wazee wa kanisa na akina mama, msiliamulie wenyewe. Kuna tuni ambazo mtu wa miaka sabini akizisikia anaona ibada ya Lyangombe, ile ya jadi ya mizimu, na hakuna maneno matakatifu yatakayomfanya asione. Kuna nyingine zinazonuka kasiksi, pombe ya ndizi. Kijana wa miaka ishirini hasikii lolote kati ya hayo, kwa hiyo si yeye wa kuamua. Njia salama ni kuchukua namna ya kuimba na kuacha tuni yenyewe: jinsi mwitaji anavyopokezana na waitikiaji, mwendo wa miguu, jinsi sentensi inavyoanza juu na kushuka. Tuni iwe mpya kabisa.

Atatokea mtu wa kusema ngoma na tuni za nyumbani si za Mungu. Mjibuni kwa upole, maana jambo hili lina historia. Mwaka 1958 padri Guido Haazen na waimbaji wake wa Kamina, kule Katanga, walirekodi Missa Luba: maneno ya Kilatini, muziki wa Kongo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturjia ya Desemba 1963, ulitaka muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi katika ibada. Mwaka 1988 Roma ilikubali misale, yaani kitabu cha misa, ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na hapo hata kucheza kuzunguka altare kukapata mahali pake rasmi. Mimi huona jambo la ajabu hapo. Watu wa Kamina waliacha maneno yalivyo wakabadili muziki. Sisi, Wakatoliki na Waprotestanti, tulibadili maneno tukaacha muziki ulivyo. Bado kazi ya kuvikutanisha viwili vyote haijaisha.

Maneno

Hii ndiyo hatua inayokula muda, na iachieni ule.

Chagueni kifungu kifupi cha Biblia kinacholingana na pengo lenu. Zaburi zinafaa kuliko nyaraka za Paulo, kwa sababu zilikuwa nyimbo tangu mwanzo. Kwa toba ipo Zaburi ya 130, kwa kusubiri ya 13, kwa safari na hofu ya 121, kwa waliorudi nyumbani ya 126. Mmoja asome kwa sauti mara mbili, kwa Kiswahili au kwa tafsiri ya Mashi mliyo nayo. Halafu fungeni kitabu. Mwombeni mama mmoja aeleze kwa Mashi alichosikia, kama anamsimulia jirani aliyebaki nyumbani kwa ugonjwa. Rekodini. Mwombeni wa pili, na wa tatu. Msiwasahihishe.

Chezesheni rekodi na mwandike sentensi zilizotoka vizuri. Mtaona wamefanya mambo ambayo mtafsiri wa mezani hayafanyi: wamekatisha sentensi ndefu, wamerudia neno lenye uzito, wameingiza swali, wamemtaja Nyamuzinda, jina la Mungu kwa Mashi, pale kitabu kilipotumia kiwakilishi. Mmoja huenda ametia methali. Hayo ndiyo maneno ya wimbo wenu. Sentensi moja fupi, ile ambayo wote watatu waliigusa kwa namna moja au nyingine, itakuwa kiitikio. Zilizobaki ni za mwitaji.

Niuonyeshe mfano kwa Kiswahili ili kila msomaji afuate, kutoka Zaburi ya 121:

Mwitaji: Nimetazama kilima, kimya.
Wote: Msaada wangu ni Bwana.
Mwitaji: Nimetazama njia, hakuna mtu.
Wote: Msaada wangu ni Bwana.
Mwitaji: Usiku umeingia, nani hajalala?
Wote: Bwana wangu hajalala.

Kwenye karatasi mstari wa mwisho unapendeza. Kanisani utaanguka. Aliyekaa nyuma, mwenye mtoto mgongoni na bila karatasi, ataimba "Msaada wangu ni Bwana" kwa mara ya tatu, na watu wa mbele watasema "hajalala", na hapo kunakuwa na kelele. Rekebisho ni dogo: mpeni mwitaji kazi yote ya kubadilika.

Mwitaji: Usiku umeingia, yeye hajalala.
Wote: Msaada wangu ni Bwana.

Sasa hata mgeni aliyeingia amechelewa anaweza kuitika. Angalieni pia kwamba mwitaji hasemi "milima na mabonde ya dunia yote". Anasema kilima, njia, usiku. Mtu wa Nyangezi anakijua kilima chake. Kadiri maneno yanavyokuwa ya mahali penu, ndivyo sala inavyokuwa ya anayeimba. Dhana kubwa kama utukufu, neema na wokovu ziwekeni moja kwa wimbo, ikibidi.

Mistari ya mwitaji iwe mitano hadi minane. Zaidi ya hapo ni mahubiri.

Tuni itoke kwenye maneno

Mashi, kama lugha nyingi za jamaa yake, ni lugha ya toni: silabi ya juu na silabi ya chini hutenganisha maana. Mfano ambao kila mtu mjini anaujua ni wa Lingala. "Moto" ikisemwa chini yote ni mtu, silabi ya mwisho ikipanda inakuwa kichwa. Sasa fikiria korali nzima ikipanda kwa nguvu kwenye silabi hiyo. Kiswahili hakina tatizo hili, ila kina mkazo wake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila mmoja wetu amewahi kuimba "Mwokozi" mkazo ukiwa umebebwa na "Mwo" kwa sababu nota ndefu ilikuwa hapo. Kwa Kiswahili masikio yanaumia na maana inabaki. Kwa Mashi maana yenyewe inaweza kuondoka.

Fanyeni hivi. Mama mmoja aseme kiitikio polepole, kwa sauti ya kawaida, mara tano. Kisha akiseme mdomo ukiwa umefungwa, akivumisha tu puani. Kinachosikika sasa ni kupanda na kushuka kwa maneno bila maneno. Mpiga ngoma au mwimbaji arudie mvumo huo, autanue kidogo: pale sauti ya mama ilipopanda, nota ipande, iliposhuka, ishuke. Umbali wa kupanda ni hiari yenu, mwelekeo ndio wa kulinda. Mwisho wa mstari kuna uhuru zaidi, kwa sababu sentensi zenyewe hushuka mwishoni. Baada ya robo saa mtakuwa na tuni ambayo hakuna aliyeitunga kwa makusudi, na itasikika kama ya nyumbani.

Kisha jaribio. Mwiteni mtu mzima anayejua Mashi ambaye hakuwa kwenye kikao, labda mlinzi wa kanisa au mama anayeuza nje ya uzio. Mwimbieni mara moja bila karatasi. Mwulize: umesikia tumesema nini? Akirudia maneno yenu, endeleeni. Akisema neno jingine, au akijizuia kucheka, badilisheni tuni. Usimweleze alichopaswa kusikia. Kanisa zima halitapata maelezo hayo.

Sauti nne zina shida hiyohiyo. Dirijani aliyefundishwa kwa nota za Ulaya atataka besi ishuke soprano inapopanda, ndio ustadi aliofundishwa. Kwa lugha ya toni besi hiyo inasema neno tofauti na soprano. Acheni sauti ziende pamoja, zikipanda pamoja na kushuka pamoja, kama wanavyofanya akina mama wenyewe kwenye matanga bila kufundishwa na mtu. Mkitaka besi itembee njia yake, ivumishe bila maneno.

Na piano? Ikija baadaye, ifuate. Ile midundo iliyowekwa tayari ndani ya kinanda cha umeme zimeni. Umeme ukikatika, na utakatika, wimbo unapaswa kuendelea kwa ngoma na makofi bila mtu kugeuza kichwa.

Ngoma na mwili

Hapa sina mengi. Imbeni mkitembea. Kama ni wimbo wa sadaka, mwendo ni wa mtu anayepanda hatua kwa hatua kuelekea mbele. Kama ni wa toba, pengine ngoma moja ndogo inatosha, au hakuna. Mpiga ngoma asijaze kila nafasi, maana maneno ya mwitaji yanahitaji mahali pa kupita.

Maneno yapimwe

Wapeni watu watatu wimbo, kila mmoja na swali lake. Padri au mchungaji: je, unasema ukweli wa imani yetu? Mpelekeeni maneno kwa Mashi pamoja na tafsiri ya Kiswahili, maana huenda yeye ni Mlega au ametoka Kivu Kaskazini. Mama mzee: je, ni Mashi nzuri, kuna neno la aibu au la kejeli lililojificha? Na mtoto wa miaka kumi: je, anaweza kuitika baada ya kusikia mara mbili? Mtoto akishindwa, punguzeni kiitikio.

Mtapata mapendekezo mengi kuliko mnayohitaji. Pokeeni yote, fanyieni kazi yale yanayorudiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Kuwafundisha waumini

Korali ikisimama mbele na kuuimba wimbo kwa ustadi Jumapili ya kwanza, waumini watapiga makofi na kukaa. Mmewageuza watazamaji. Fundisheni dakika tano kabla ya ibada kuanza, kiitikio tu. Mwitaji aseme maneno, watu warudie kwa kusema. Aimbe, warudie kwa kuimba. Basi. Wakati wake ukifika ndani ya ibada, waumini watashangaa kujikuta wanaujua. Rudieni Jumapili tatu mfululizo, sehemu ileile ya ibada, bila kuubadilisha.

Lipo jambo la kushughulikia kwa uangalifu mkubwa. Kanisa la Bukavu lina watu wa kila upande: Bashi, Balega, Bahavu, Bafuliiru, Babembe, Wanyarwanda, na watoto wa mjini ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili. Katika mkoa wetu lugha ya mtu imetumika mara nyingi kumwuliza yeye ni wa nani. Wimbo wa Mashi unaoletwa vibaya unaweza kumfanya jirani ajione mgeni kwenye benchi lake mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya wimbo, mtu aseme maana kwa Kiswahili, sentensi mbili zinatosha. Fikirieni pia kumwachia mwitaji Mashi na kuweka kiitikio kwa Kiswahili, au kuimba kiitikio mara mbili kwa kila lugha. Kisha tangazeni mapema kundi la lugha nyingine litakalotunga wimbo unaofuata, na liwe limekwisha kukubali. Kama kanisa lenu halina nafasi hata ya zamu hiyo, anzieni kwenye mashirika ya mtaani au kwenye vikundi vya sala, ambako watu huongea lugha moja bila kutafuta ruhusa ya mtu. Wimbo mzuri utapanda wenyewe.

Kuandika na kutunza

Andikeni maneno kwa tahajia ya Mashi inayotumiwa katika vitabu vya kanisa, pamoja na ile "rh" inayoonekana kwenye jina la Burhinyi. Kila mtu akiandika anavyosikia, baada ya mwaka mtakuwa na wimbo mmoja wenye sura nne. Chini ya maneno wekeni tafsiri ya Kiswahili, kifungu cha Biblia, sehemu ya ibada, tarehe na majina ya waliotunga. Tuni iandikeni kwa solfa kama dirijani anaijua, lakini rekodi ya simu ndiyo itakayowaokoa: sauti moja bila vyombo, mwitaji na waitikiaji, mahali pasipo upepo. Mwanzoni mwa rekodi mtu ataje jina la wimbo na tarehe. Faili likibaki na jina la namba ambalo simu imelipa, baada ya miezi miwili hakuna atakayelipata kwenye WhatsApp ya korali.

Haki za utunzi zungumzieni mapema, kabla mtu hajaenda studio. Sheria ya Kongo ya haki za mtunzi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda aliyetunga, na shirika la SOCODA ndilo linaloandikisha watunzi na kazi zao. Kwa wimbo uliotoka midomoni mwa watu wanane, andikeni karatasi moja yenye majina manane na saini, mkieleza nani anaruhusiwa kuurekodi na fedha zikipatikana zitaenda wapi. Mama aliyetoa ile sentensi ya kiitikio awemo kwenye orodha hata kama hajui kuandika. Nyimbo nyingi za makorali yetu zina jina la aliyelipia studio tu, na hilo linaniudhi.

Kama mna siku mbili tu

Ijumaa mchana: kutafuta pengo, kuorodhesha muziki, kusoma kifungu na kurekodi simulizi za akina mama. Wapeni watu chai na mkate, maana kikao cha njaa hutoa maneno ya haraka. Jumamosi asubuhi: kuchagua kiitikio, kuvumisha, kupata tuni, kumwimbia mtu wa nje. Jumamosi mchana: ngoma, mistari ya mwitaji, karatasi kwenda kwa mchungaji. Wimbo usiimbwe Jumapili hiyo. Uacheni wiki nzima, kila mtu auimbe jikoni kwake na njiani, mkutane Jumamosi inayofuata bila kusikiliza rekodi kwanza. Sehemu ambazo kila mmoja amezisahau ziondoeni. Sehemu ambazo watu wawili wamezibadilisha kwa namna moja bila kuambiana, zifuateni walivyozibadilisha. Kisha sikilizeni rekodi ya kwanza, mrekodi ya pili, na hiyo ndiyo itakayopelekwa kanisani.